Siku Walipoacha Kumbishia Twaha

Kaka yangu Twaha alikuwa mrefu kupita kiasi, na ninayesema ni mimi niliyekuwa nikifua suruali zake tulipokuwa nyumbani kwa mama. Hakuna mlango mtaani kwetu, mtaa wa Waswahili hapa Muyinga, kaskazini mwa Burundi, ambao haukuwahi kumgonga kichwa. Alipojifunza ushonaji akaiweka cherehani juu ya matofali ili magoti yapate nafasi, na bado alishona amejikunja, kidevu karibu na sindano. Wateja walimcheka na yeye akacheka nao. Alikuwa na jambo lake moja duniani, na jambo hilo halikuwa cherehani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: katika mpira wa kikapu wa kulipwa wa Marekani, tangu uanze mpaka leo, ni nani aliyekuwa pivo bora kuliko wote? Pivo ni yule mrefu anayesimama chini ya kikapu, anayezuia mipira ya wenzake na kupigwa viwiko mchana kutwa. Kaka yangu alikuwa pivo wa timu ya Muyinga katika ujana wake. Nisipoanza na hilo hutaelewa kwa nini watu wazima, wenye wake na wajukuu, waligombana mbele ya meza yangu kama watoto.

Nauza chai na chapati mbele ya kibanda chake. Kila siku baada ya swala ya Alasiri walikuja, wakakaa kwenye benchi lile lile, wakaagiza chai, na vita ikaanza. Mimi sikuupenda mjadala ule. Ulinikera. Nilisema, jamani, bei ya mchele haishikiki, mafuta ya gari hayapatikani mji mzima, na nyinyi mnapigania wazee wa Amerika ambao hata hawajui Muyinga iko wapi! Walinitazama kama niliyekosa adabu, kisha wakaendelea.

Uthmani, mwenye bucha, alikuwa upande wa Kareem, kwa sababu ya ule mtupo wake wa mkono mmoja juu ya kichwa ambao mabeki walichoka kuuzuia, na kwa sababu ya mabao yake yasiyohesabika. Husni, muuza vitenge, alikuwa wa Shaq, yule pande la mtu aliyeangusha mpaka kikapu chenyewe. Kaka yangu alikuwa wa Hakeem, mtoto wa Lagos aliyeanza kama golikipa, akaenda Amerika akawa mfalme, na aliyefunga Ramadhani huku akicheza. Kaka naye alikuwa akicheza na saumu yake, midomo imemkauka, na hili hakuchoka kutukumbusha.

Wa nne alikuwa Josephat. Huyu si wa mtaani kwetu, ni mkulima wa Gasorwe, Mkristo, amekulia Tanzania huko Ulyankulu ambako wazazi wake walikimbilia wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili. Alirudi na wale waliorudi, akakuta shamba la babu yake lina mtu, wakagawana nusu kwa nusu, na hiyo nusu ndiyo anayoilima mpaka leo. Siku za soko analeta ndizi kwa baiskeli. Siku ya kwanza alisimama kwenye meza yangu kunywa chai tu, akasikia wanayobishania, akaweka kikombe chini na kusema kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Samahani, ndugu zangu. Mbona hakuna aliyemtaja Russell?"

Tangu siku ile hakukuwa na amani.

"Pete kumi na moja za ubingwa," Josephat alikuwa akisema. "Hesabu vidole vyote vya mikono yako, halafu azima kimoja kwa jirani. Huyo Hakeem wako ana mbili."

"We Josephat, iko unasema mtu hujaona hata siku moja!" Kaka alikuwa ameshainuka, na akiinuka yeye benchi zima linatikisika. "Mi Hakeem nilimuona na macho yangu kwa kaseti. We Russell uliona wapi?"

"Yesu pia sijamwona, na ninamwamini."

"Sha, usilete Yesu kwa basketi!"

Basi Josephat atachukua baiskeli yake, ataapa hakanyagi tena pale, siku moja hata kikombe changu akakitupa kwa hasira, na siku ya soko inayofuata utamwona anatelemka mlimani na mkungu nyuma, ameshajiandaa. Katika miaka yote ile hakuna aliyemkubalia mwenzake. Hata siku moja. Ilikuwa kama heshima yao. Kaka alisema mtu anayekubali haraka hana haya usoni, na wengine wakaitikia kwa vichwa, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana.

Kaseti ile ina habari yake. Mwaka wa tisini na tatu, kaka akiwa kijana, alikuja bwana mmoja kutoka timu ya Bujumbura, akamwangalia akicheza, akampima kwa macho toka kichwani mpaka miguuni, akamwambia ajiandae, watamwita baada ya mvua za kwanza. Ikaja Oktoba ile, rais akauawa, na mauaji yakaenea nchi nzima. Baada ya Oktoba ile hakuna aliyemtafuta mtu kwa ajili ya mpira. Waliokuwa hai walikaa wakihesabu waliokufa, na kaka akaenda kwa mjomba kujifunza kushona.

Baadaye baba yake Husni akaleta televisheni, jenereta, na kaseti ya Hakeem. Tulijaa sebuleni kwao. Kaka alipomwona yule mtu anageuka chini ya kikapu, bega linakwenda kulia, mwili unakwenda kushoto, na beki anabaki ameshika hewa, alianza kulia mbele za watu. "Ule mgeuko ni wangu," alisema. "Mi nilikuwa nafanya hivyo hapa Muyinga, sijafundishwa na mtu." Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Miaka ilipita wakiwa bado wanamcheka kwa hilo. Akamhadithia Josephat siku moja, mimi nikiwa nageuza chapati, nikasubiri kicheko. Josephat alifikiri kidogo, akasema: "Nakuamini." Halafu akaongeza: "Lakini Russell angekuzuia." Ndipo nilipojua kwamba kaka amepata rafiki.

Ugonjwa ulianza na uchovu. Kisha suruali. Nilimwona anashona suruali yake mwenyewe, anaipunguza kiuno, baada ya muda anaipunguza tena. Nikamuuliza, akasema kitambaa kimelegea. Macho yalipogeuka manjano Zaituni, mke wake, hakumuuliza tena mtu. Alifunga mkoba, na mimi nikafunga jiko langu la makaa, tukaondoka naye. Hospitalini Muyinga walisema apelekwe Gitega. Tulikaa kituoni kuanzia alfajiri tukingoja gari lenye mafuta, tukalipata mchana, tukapitia Karusi, yeye kiti cha mbele na magoti yake juu ya dashibodi. Tulipoingia mjini alinyoosha kidole dirishani akatuonyesha uwanja ambako aliwahi kucheza. Palikuwa pamejengwa maduka.

Kitanda cha hospitali kilikuwa kifupi. Miguu yake ilipita katikati ya vyuma na kutokea upande wa pili, kila apitaye akaigonga, mpaka nikatafuta stuli na mto nikaiegemeza. Mimi ndiye niliyekuwa umurwaza, yule anayelala na mgonjwa chini ya kitanda, anayempikia na kumfulia. Zaituni alikuwa anakwenda na kurudi kwa ajili ya wajukuu.

Siku moja daktari alituita sisi wawili kwenye ukumbi. Alikuwa mtu wa upole. Alisema ni ini, ni saratani, na imeshakwenda mbali. Hakuna cha kukata wala cha kuchoma. "Mpeni anachopenda," alisema. Zaituni aliuliza anachopenda maana yake nini, akasema chakula, watu wake, chochote. Tukaenda bombani. Zaituni akanawa uso, akaufuta kwa ushungi, akaniambia: "Wifi, atajua sisi tukimwambia. Tukinyamaza hatajua." Akaingia ndani na tabasamu, akamwambia mumewe kwamba ni homa ya ini, vidonge vitaimaliza. Kwetu hatumwambii mtu kifo chake usoni. Nilinyamaza, na sikuona vibaya kunyamaza.

Tatizo ni kwamba kwetu mgonjwa pia habishiwi. Akisema anataka maji ya baridi, ni ya baridi. Akisema leo ni Ijumaa na ni Jumanne, basi ni Ijumaa. Hakuna anayefundishwa, kila mtu anakua anaona hivyo.

Uthmani alikuja wa kwanza, na supu ya kongoro kwenye kopo la maziwa. Kaka alimwona toka mlangoni, akajikokota akakaa.

"Uthmani! Bado uko na Kareem wako?"

Uthmani aliangalia yale macho ya manjano. Akavuta kiti. "Nimefikiri sana, ndugu yangu," akasema. "Vraiment, kweli kabisa, Hakeem iko mbele. Kareem alikuwa fundi, mais Hakeem iko mbele."

Kaka alicheka siku ile. Aliitangazia wodi nzima kwamba mwenye bucha wa Muyinga ameshindwa, aliwaeleza wagonjwa waliokuwa hawajawahi kusikia habari za mpira, akanywa supu yote. Nilimshukuru Uthmani moyoni.

Kisha akaja Husni na kitenge kipya cha kujifunika. Kaka hakumuuliza hata. Husni mwenyewe alianza: "Unajua, Shaq alikuwa na nguvu tu. Na penati zake, aibu tupu. Hakeem iko na akili. Mi nakubali." Alisema haraka haraka kama mtu anayelipa nauli. Kaka alimtazama bila kucheka. Alimuuliza habari za duka, wakaongea habari za duka, Husni akaondoka.

Chakula hakukigusa. Nilipokuja kuchukua sahani akanishika mkono.

"Nuru. Kwa nini wanakubali?"

"Umewashinda, kaka."

"Miaka yote ile nimesimama na miguu yangu, sikuwashinda. Leo nimelala, ndiyo nimewashinda?"

Nilijifanya naokota kijiko.

"Nipigie Josephat," akasema. "Uthmani na Husni, wale wako na huruma. Josephat hajui kudanganya. Akija, akinibishia, mi najua nitapona. Asiponibishia, bon, najua vilevile."

Nilipiga simu palepale. Sikumwambia lolote Josephat kwenye simu, nilimwambia tu aje. Alisema atakuja hata kwa miguu. Alikuja juu ya lori la mchele, siku iliyofuata, na buti zake za shambani na mkungu mdogo wa ndizi za kuiva. Nilikuwa nimemngoja getini tangu asubuhi.

Nikamwambia yote. Ini, daktari, bombani, Uthmani, Husni. Nikamshika shati.

"Josephat, mbishie. Naomba kwa Mungu wako na wangu. Mbishie kama siku ile ulipotupa kikombe changu. Usimuonee huruma."

Alisimama na ndizi begani, akaangalia chini. "Dada Nuru, sijawahi kumbishia kwa kuigiza."

"Leo igiza."

"Nitajaribu," akasema.

Na alijaribu, sitamnyima haki yake. Aliingia wodini na sauti ya sokoni. "Nimesikia habari za aibu! Nimesikia kuna mtu huku Gitega amelala kitandani anawadanganya watu kuhusu Hakeem, na wanamkubalia!" Wagonjwa wakageuza vichwa. Uso wa kaka ukafunguka, nilikuwa sijauona hivyo tangu tutoke Muyinga.

"Karibu, we mtu wa Russell! Umeleta pete zako?"

"Zote kumi na moja. Nyingine nimeziacha kwenye lori kwa uzito."

Wakaanza. Josephat alisema ulinzi ndio mpira, Russell alizuia bila kutoa mpira nje, aliupeleka kwa wenzake. Kaka akasema enzi za Russell timu zilikuwa chache na watu wenyewe wafupi, Hakeem alipambana na wafalme. Josephat akasema, basi kama ni wafalme, Wilt je, aliyefunga pointi mia katika mechi moja, hakuwa mfalme, na Russell hakumzuia? Mzee mmoja wa Gishubi aliyekuwa kitanda cha pembeni akacheka mpaka akakohoa. Kaka alikula ndizi mbili huku anabishana, hata hakuona kwamba anakula. Zaituni, aliyekuwa amefika asubuhi ile, aligeukia ukutani akijifanya anakunja nguo. Na mimi nilifurahi. Nasema kweli, kwa muda ule nilisahau daktari alichosema. Nilifikiri, huenda daktari amekosea, mtu anayebishana hivi hafi.

"We huelewi," kaka akasema, "kwa sababu hukuona ule mgeuko. Angalia. Angalia vizuri."

Akajinyanyua akakaa wima. Akatupa bega la kulia, kisha akainua mkono wa kushoto juu, kwenda kwenye kikapu kilichokuwa akilini mwake tu. Mkono wa shati ukateleza mpaka kwapani. Ndipo sote tukauona. Ulikuwa mrefu vilevile, lakini nyama ilikuwa imekwisha, umebaki mfupa na ngozi ya manjano, na haukufika hata usawa wa kichwa. Ulisimama hapo hewani ukitetemeka, kisha ukaanguka juu ya shuka.

Josephat alikuwa katikati ya neno. Hakulimaliza.

"Endelea," kaka akasema. "Sema, angenizuia."

Josephat akafungua mdomo.

"Sema pete kumi na moja, sha. Sema."

"Hakeem," Josephat akasema. Sauti ya sokoni haikuwapo tena. "Ni Hakeem, Twaha. Nilikuwa najua siku zote."

Kaka alimtazama rafiki yake bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja.

"Hapana, Josephat. Ni Russell. Mi nimekubali. Kumi na moja si mchezo."

"Hakeem, ndugu yangu."

"Russell."

Walikuwa wanaongea taratibu, kila mmoja anampa mwenzake, kama watu wanaosukumiana sahani ya mwisho. Kisha kaka akalala, miguu yake ikarudi kwenye stuli. "Bon," akasema. "Iko hivyo." Akamgeukia mke wake. "Zaituni, funga vitu. Turudi Muyinga."

Zaituni hakuuliza kwa nini. Hakusema vidonge havijaisha, hakusema daktari hajaruhusu. Akaanza kukunja kitenge cha Husni, pembe kwa pembe, machozi yakidondoka juu yake. Kama kulikuwa na kitu bado kimefichwa, kilikwisha hapo.

Nilimfuata Josephat nje nikitaka kumpiga. Nilikuwa nimekasirika, ningeweza kumrushia ndizi zake. Nikamkuta amekaa chini ukutani, buti zimenyooshwa mbele, analia bila kujificha. "Niliweza, dada Nuru," akasema. "Niliweza mpaka ule mkono. Nisingeweza kuutazama mkono ule halafu nimwambie kwamba Russell angeuzuia." Nikakaa karibu naye. Hasira ilinitoka na hakuna kilichoingia mahali pake.

Kaka alifia nyumbani, mchana, kichwa kwenye paja la mke wake. Hakuzungumza tena habari za pivo. Waliochimba kaburi walichukua kipimo kwa mtu wa kawaida, kwa sababu ya haraka, na tulipofika makaburini ikabidi jeneza liwekwe chini na watu wangoje jua la saa kumi wakati wanaongeza urefu. Uthmani alishuka mwenyewe kwenye shimo na jembe. Josephat alisimama nyuma na Wakristo wenzake wa Gasorwe, kofia mkononi.

Zaituni bado yuko kwenye eda, hatoki. Cherehani iko palepale juu ya matofali, nimeifunika. Mimi nimerudi kwenye jiko langu, kwa kuwa chapati hazijipiki. Baada ya Alasiri Uthmani na Husni wanakuja, siku za soko na Josephat anakuja, wanakaa kwenye benchi. Wanaongea habari za mvua. Wanaongea habari za foleni ya mafuta. Chai wanaimaliza upesi na kuondoka kabla jua halijashuka, na unga wangu unabaki.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa namimina chai, wote watatu wapo, na nafasi ya kaka iko wazi kati yao, kwa sababu hakuna anayeikalia. Nikaweka birika chini kwa kishindo.

"Mi nasema hivi," nikawaambia. "Hakeem hakuwa kitu. Hata kwa watatu bora haingii. Pivo ya kweli ni Shaq, na Russell alikuwa na bahati tu ya wenzake. Na Kareem ule mtupo wake, mtoto yeyote anaweza!"

Nikangoja. Nilimwangalia Uthmani, nikamwangalia Husni, nikamwangalia Josephat kwa muda mrefu kuliko wote. Nilitaka mmoja tu asimame, aniite mjinga, atupe kikombe.

Waliniangalia kwa upole, kama wanavyomwangalia mfiwa.

"Ndiyo, dada Nuru," Josephat akasema. Na wenzake wakaitikia kwa vichwa: "Iko hivyo. Iko hivyo kabisa."